Zana Zilizofichwa Porini Kabla ya Nyumbu Kuwasili

Kila mwaka, mvua za masika zikikaribia kukatika na majani ya nyanda za kusini yakianza kukauka, makundi ya nyumbu huiacha mbuga waliyozalia na kushika njia ya magharibi na kaskazini mwa Serengeti. Wataalamu hukadiria idadi yao kuwa milioni 1.3 hivi, bila kuhesabu pundamilia na swala wanaofuatana nao. Kati ya Mei na Julai hupita katika ukanda wa magharibi, kando ya mito Mbalageti na Grumeti, na katika kata zinazopakana na hifadhi mlio wao husikika usiku hata na mtu aliyelala ndani ya nyumba yake.

Wiki chache kabla ya hapo hufanyika safari nyingine, ndogo na ya kimyakimya. Watu wawili au watatu huvuka mpaka usiku wakiwa na fungu la nyaya, mapanga, dumu la maji, sufuria, unga na chumvi. Hawaendi kuwinda siku hiyo, kwa kuwa wanyama bado hawajafika. Wanakwenda kuficha. Zana huachwa katika pango la mawe, katika shimo lililochimbwa na muhanga, chini ya mizizi ya mti kando ya korongo, kisha wenyewe hurudi nyumbani mikono mitupu. Nyumbu wakifika, watu hao huingia porini bila kubeba chochote cha kuwashtaki, na huko ndani kila kitu kinawasubiri.

Ofisi ya Wanyamapori ya Halmashauri hupokea maswali mengi kuhusu jambo hili, hasa kutoka kwa wazazi ambao vijana wao wamekamatwa wakidai kwamba hawakuwa na silaha, au kwamba walitumwa tu kupeleka unga. Makala haya yanaeleza kwa nini zana iliyofichwa haimlindi aliyeificha, inafanya nini porini mwenyewe akiwa hayupo, na mkazi aliye nayo, au aliyeiona, afuate njia gani.

Panga la nyumbani na panga la hifadhini

Tuanze na jambo linalowachanganya wengi. Panga ni chombo cha kila nyumba. Waya uliotolewa katika tairi lililochomwa hutumika kufungia miti ya zizi, kushikilia mlango wa banda la kuku, na kwa mafundi wetu wa baiskeli ni mali ghafi ya kila siku. Upinde na mshale kwa mchungaji wa usiku ni ulinzi dhidi ya fisi. Hakuna askari atakayeingia katika ua wa mtu na kumkamata kwa sababu tu ana panga na nyaya mbili za tairi.

Mambo hubadilika mtu anapovuka kigingi cha mpaka. Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282, inamtaka mtu aliyekutwa na silaha ndani ya hifadhi aeleze, na aaminike, kwamba silaha hiyo ilikuwa kwa kazi nyingine isiyo kuwinda, kuua, kujeruhi wala kukamata mnyama. Akishindwa kueleza, ametenda kosa, hata kama hakuna mnyama hata mmoja aliyeguswa. Neno silaha hapa lina maana pana kuliko bunduki. Katika mashauri mengi yaliyofikishwa katika mahakama za Mkoa wa Mara, silaha zilizotajwa katika hati ya mashtaka ni panga moja, kisu kimoja na nyaya mbili au tatu za kutegea.

Katika Mapori ya Akiba, yakiwamo Ikorongo na Grumeti yaliyopandishwa hadhi hiyo mwaka 1994, inayotawala ni Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Nayo hairuhusu mtu kuingia bila kibali cha maandishi, wala kuwa na silaha humo bila idhini. Mkazi anayechunga karibu na mpaka hana budi kuujua mpaka wa kijiji chake kwa macho, kigingi kwa kigingi. Asiyeujua aombe kuonyeshwa na serikali ya kijiji, kwani kumweleza hakimu kwamba ng'ombe ndio waliotangulia ni utetezi mwembamba sana.

Sasa turudi kwa aliyeficha. Hoja yake ni kwamba hakukutwa akishika kitu. Lakini kumiliki kitu mbele ya sheria si kukishika kwa mkono pekee. Mtu anayejua kitu kilipo, aliyekiweka mwenyewe na mwenye uwezo wa kukichukua apendapo, anaweza kuhesabiwa kuwa ndiye mwenye nacho. Mara nyingi ushahidi huo hutolewa na mtuhumiwa mwenyewe: anakamatwa mtu mmoja njiani, anaulizwa, anawaongoza askari hadi kwenye mti ule ule, na fungu linafukuliwa mbele yake na mbele ya mashahidi. Kama alikuwa anadhani pango lingemwokoa, pango lile sasa ndilo linalosema.

Lipo pia jambo ambalo vijana hawalifahamu mpaka wanapolisikia likisomwa mahakamani. Kukutwa na silaha ndani ya hifadhi, na kukutwa na nyara za Serikali (maana yake hata paja la nyumbu lisilo na kibali), ni makosa yanayoweza kufunguliwa mashtaka chini ya Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200. Adhabu ya makosa ya namna hiyo hufika kifungo cha kuanzia miaka 20 hadi 30. Hukumu za miaka 20 kwa nyama ya nyumbu zimetolewa katika mahakama za mkoa wetu, wala si mara moja. Wapo walioachiwa na mahakama za rufani kwa sababu taratibu za ushahidi zilikiukwa, lakini waliachiwa baada ya kukaa gerezani miaka kadhaa, mashamba yao yakiwa yamelimwa na wengine.

Aliyetumwa kupeleka unga naye yumo. Mara nyingi ni kijana wa miaka 18 au 19, mwana wa jirani, aliyeahidiwa sehemu ya kimoro, yaani nyama iliyokaushwa, kwa kazi ya kubeba furushi hadi mahali fulani na kurudi. Furushi lina unga, chumvi na betri za tochi. Chini kabisa, ambako hakutazama, zimeviringwa nyaya kumi. Aliyemtuma yuko nyumbani kwake, na kwa kawaida haji mahakamani siku ya hukumu. Mzazi anayesoma habari hizi na amtazame kijana wake kwa jicho hilo mwezi wa Mei, akiona ametoka usiku bila maelezo na kurudi na fedha ambazo hakuna kazi iliyozileta.

Mtego usiomjua mwenyewe

Kati ya zana zote zinazofichwa, inayostahili kuelezwa kwa kirefu ni mtego wa waya. Bei yake ni ndogo, hautoi sauti, na unapokwisha kutegwa hauhitaji mtu. Kitanzi huning'inizwa katika njia ya wanyama, kwenye uwazi kati ya vichaka viwili, kwa urefu wa shingo ya nyumbu, na ncha nyingine hufungwa kwenye shina la mti. Mnyama huingia akikimbia, kitanzi hukaza, na kila anapovuta hukaza zaidi.

Wengi wanaoficha nyaya huzificha zikiwa zimeviringwa, wakikusudia kuzitega baadaye. Wengine huona ni kazi bure kwenda mara mbili, hivyo huzitega kabisa kabla ya msimu na kuondoka, wakitumaini kwamba nyumbu watakapofika watazikuta tayari. Hapo ndipo madhara yanapokuwa makubwa, kwa sababu porini hakuna wiki isiyo na wapitaji. Kabla ya nyumbu hupita pofu, swalapala, ngiri, twiga. Hupita simba na fisi. Tembo hupitisha mkonga wake chini akitafuta majani, kitanzi kikauma, naye akauvuta hadi ncha ikakatika. Mtego hauna msimu wala hauchagui, na aliyeutega akiwa kilomita ishirini mbali hana habari umenasa nini.

Watafiti Heribert Hofer na Marion East, ambao walianza kuwafuatilia fisi wa Serengeti mwaka 1987, walieleza jambo ambalo wawindaji wa zamani wa huku wangelikubali bila ubishi. Fisi wa nyanda za kati hawana chakula cha kutosha nyumbani nyumbu wanapohama, hivyo husafiri makumi ya kilomita kuwafuata, hula, kisha hurudi kuwanyonyesha watoto shimoni. Katika safari hizo hupita njia zile zile zilizotegwa kwa ajili ya nyumbu. Mitego ilikuwa miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya fisi wakubwa walioangaliwa, na jike akifa mtegoni, watoto wake waliobaki shimoni hufa kwa njaa bila mtu kujua. Wapo watakaosema, fisi ni fisi. Lakini tunayemlipia gharama za mbuzi wetu si fisi tu, na kilichonasa fisi leo kesho hunasa ng'ombe wa jirani aliyevuka korongo.

Mzee mmoja wa kata ya mpakani, ambaye aliacha uwindaji miaka mingi iliyopita na sasa ni mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji, alipoulizwa na mwandishi wa makala haya kwa nini aliacha, hakuanza kwa kutaja sheria. Alisema: "Mwanangu, mimi nilitega nyaya thelathini mwezi wa Mei, nikarudi nyumbani kusubiri. Kabla nyumbu hawajafika, nikafiwa na kaka yangu, nikakaa matanga, kisha nikaugua. Nilipata nguvu ya kurudi mwezi wa Agosti. Nilihesabu mifupa kumi na saba. Hakuna hata kilo moja iliyoingia katika sufuria ya mama yako mdogo. Fisi ndio waliokula, na fisi wawili wenyewe walikuwa wamening'inia." Aliongeza kwamba nyaya nne hakuziona tena, na mpaka leo hajui zilikwenda wapi, mnyama anaweza kuukata waya katika shina na kuondoka nao shingoni.

Wanyama wa namna hiyo, wenye waya uliozama katika nyama ya shingo, huonwa na waongoza watalii na askari kila msimu. Tangu mwaka 2017 kipo kikosi maalumu cha kuondoa mitego ndani ya Hifadhi ya Serengeti, kinachoendeshwa kwa ushirikiano wa hifadhi hiyo na Frankfurt Zoological Society kwa michango ya makampuni ya utalii. Miongoni mwa wanaokiunda ni wakazi wa vijiji vya jirani, na baadhi yao waliwahi kutega wenyewe. Hutembea kwa miguu, bega kwa bega, vichaka kwa vichaka. Tangu walipoanza wamekwisha kuondoa makumi ya maelfu ya mitego. Wakikuta fungu lililofichwa, si lazima waliondoe siku hiyo hiyo. Huweza kuwaarifu askari, nao wakakaa karibu kumsubiri mwenyewe. Kwa hiyo yule anayedhani kwamba maficho yake ya mwaka jana bado hayajajulikana, kwa kuwa ameikuta sufuria yake mahali pale pale, ajiulize tena.

Sumu na gobore

Mishale yenye sumu hufichwa katika matundu ya miti, imefungwa kwa ngozi au majani ili isilowe. Sumu iliyokaushwa vizuri na kukingwa dhidi ya maji na jua huweza kubaki kali kwa muda mrefu sana, na mchunaji wa asali au mtoto anayechunga mbuzi ndiye atakayetia mkono wake katika tundu lile, wala si aliyeiweka. Kwa sheria ya mwaka 2009, sumu, mashimo, nyavu na mitego ni njia za uwindaji zilizokatazwa hata kwa mtu aliye na leseni ya kuwinda. Hakuna kibali kinachohalalisha kitanzi.

Gobore ni hatari ya namna yake. Bunduki hizi za kienyeji hutengenezwa kwa bomba la chuma na hupakiwa baruti kwa mdomo wa mtutu. Ikifichwa ardhini msimu mzima wa mvua, kutu huila kwa ndani mahali ambapo jicho halifiki, na mwenye kuilipua kwa mara ya kwanza mwezi wa Juni hana njia ya kujua kama risasi itatoka mbele au bomba litapasukia usoni mwake. Tena wengine huificha ikiwa imepakiwa. Baruti iliyoachwa katika chupa au kopo, moto wa nyika ukipita juu yake, ni jambo lisilohitaji maelezo.

Kuhusu umiliki, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haikuacha nafasi ya bunduki isiyo na leseni, iwe ya kiwandani au ya mhunzi wa kijijini. Kwa aliye na leseni halali, sheria humtaka aihifadhi silaha mahali salama ambapo mtu mwingine hawezi kuifikia. Pango, hata liwe mbali kiasi gani, si mahali salama, na kuiacha silaha huko ni kuihatarisha leseni yenyewe. Tumewahi kuulizwa na mwindaji halali mmoja kama anaweza kutanguliza bunduki yake kambini kwa rafiki kabla ya msimu ili asiibebe ndani ya basi. Jibu ni hapana. Silaha huenda na mwenye leseni yake. Hema, vyombo na magodoro anaweza kuvitanguliza, iwapo mwenye mamlaka ya eneo husika amekubali, na ni vizuri akubali kwa maandishi.

Ukikuta fungu lililofichwa

Mkazi anayekata kuni, anayefuata nyuki au kutafuta ndama aliyepotea huweza kukuta fungu la nyaya au silaha ndani ya eneo la kijiji, karibu na mpaka. Silika ya kwanza ni kulichukua, kwa sababu waya ni mali. Tunamsihi asilichukue. Akilibeba, amekwisha kuwa mtu aliyekutwa nalo, na akikutana na doria njiani atakuwa na kazi kubwa ya kujieleza. Kama ni bunduki au sumu, kuligusa ni hatari kwa uhai wake pia.

Aukariri mahali ulipo mti au jiwe lile, arudi nyumbani, amweleze Mtendaji wa Kijiji siku hiyo hiyo. Mtendaji atawasiliana na askari wa wanyamapori wa kijiji pale ambapo wapo, au na Afisa Wanyamapori wa Halmashauri, na kwa silaha ya moto atawasiliana na Polisi Kata. Mtoa taarifa anayo haki ya kuomba jina lake lisitajwe katika mkutano wa kijiji. Tunatambua kwamba wengi hawatoi taarifa kwa kuogopa kisasi, na hofu hiyo ina msingi. Anayeona kijijini hapana usiri anaruhusiwa kuja moja kwa moja katika Ofisi ya Wanyamapori wilayani na hatatakiwa kupitia kwa mtu mwingine.

Waya uliotegwa tayari usiutegue peke yako, hasa kama kuna mnyama ndani yake. Nyumbu aliyenaswa hupiga kwa pembe na kwato, na simba huwa hayuko mbali na mnyama aliyenaswa. Hilo ni kazi ya askari na daktari wa mifugo wa hifadhi, wenye bunduki ya dawa ya usingizi.

Aliyenazo na anataka kuziacha

Wapo katika kata zetu watu ambao bado wana zana nyumbani au porini na wamechoka nazo. Hapa tuseme ukweli bila kuupamba. Kinga ya kutoshtakiwa kwa kumiliki silaha isivyo halali haitolewi na Mtendaji wa Kata, wala na Afisa Wanyamapori, wala na gazeti hili. Hutolewa na Serikali kwa tangazo rasmi lenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, kama ilivyofanyika katika miaka ya karibuni, ambapo wananchi waliruhusiwa kusalimisha silaha kwa hiari katika vituo vya polisi, kwa watendaji na hata katika nyumba za ibada. Tangazo la namna hiyo likitoka, hubandikwa katika ubao wa ofisi ya kata na husomwa katika mkutano wa kijiji. Aliye na gobore asiuache muda huo umpite akisubiri kuona kwanza jirani amefanyiwa nini.

Nje ya kipindi cha tangazo, mwenye silaha ya moto asitembee nayo barabarani kwenda kuisalimisha. Atangulie yeye mwenyewe kwenda kwa Polisi Kata, akiwa na ndugu au mjumbe wa kitongoji, aeleze, na polisi ndio watakaoelekeza namna ya kuifikia. Kwa nyaya zilizo nyumbani, jambo ni jepesi zaidi: zipelekwe katika ofisi ya kijiji, zikatwe mbele ya kamati ya maliasili. Nyaya zilizo ndani ya hifadhi mtu asirudi kuzichukua kwa nia njema. Amweleze Afisa Wanyamapori mahali zilipo.

Mwenye kutaka nyama ya porini kwa njia halali anazo njia mbili. Ya kwanza ni leseni ya uwindaji wa wenyeji, inayotolewa kwa raia mwenye silaha halali, kwa aina na idadi ya wanyama iliyoandikwa, katika eneo lililotengwa, baada ya msimu wa uwindaji kufunguliwa tarehe 1 Julai. Haimruhusu mtu kuwinda ndani ya Hifadhi ya Taifa kwa namna yoyote. Ya pili ni maduka ya nyamapori yaliyowekewa utaratibu na kanuni za mwaka 2020. Mnunuzi achukue risiti na aitunze hadi nyama iishe, maana nyama isiyo na karatasi haina ushahidi wa ilikotoka.

Hatuandiki haya kana kwamba nyama ni anasa, au kana kwamba wakazi wa mpakani hawana malalamiko ya haki. Nyumbu hao hao hupita katika mihogo na mtama, tembo hubomoa ghala, na kifuta jasho huchelewa. Malalamiko hayo yana mahali pake, na Halmashauri imekuwa ikiyafikisha. Tunachoweza kusema ni kwamba mwenye shamba lililoharibiwa aripoti kwa Mtendaji wa Kijiji mara moja, kabla mabaki hayajakauka, ili tathmini ifanyike kwa macho. Madai mengi hukwama kwa sababu mtathmini alifika shamba likiwa limekwisha kulimwa upya.

Kwa wanaotafuta kazi nyingine ya kushika, vipo vikundi vya kuweka na kukopa vya COCOBA katika vijiji vinavyopakana na hifadhi, na ipo mikopo isiyo na riba itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ufugaji wa nyuki ndio ulioombewa mikopo na baadhi ya waliokuwa wawindaji, nasi tunaona una mantiki, kwa kuwa mtu aliyezoea kusoma pori hahitaji kufundishwa miti ichanuayo maua ni ipi. Fomu hupatikana kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata. Kikundi lazima kiwe kimesajiliwa, kiwe na katiba na akaunti ya benki kabla ya kuomba.

Mwaka huu mkutano wa kijiji wa robo ya pili ya mwaka, katika kila kijiji cha mpakani, utakuwa na ajenda ya kuonyeshana vigingi vya mpaka. Wachungaji vijana wahudhurie wenyewe, wasiwakilishwe na baba zao, na yeyote mwenye swali lisiloweza kuulizwa hadharani atamkuta Afisa Wanyamapori akibaki mahali pa mkutano baada ya wengine kutawanyika.